Kumsaidia nyoka wa kufuga ajivue gamba bila kumsumbua

Gamba lililotoka vizuri linajulikana kwa kuliangalia tu. Limetoka zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka, na ukiliokota mapema bado lina unyevu. Kichwani kuna viduara viwili vyeupe vinavyopitisha mwanga, mfano wa vioo vya saa ndogo. Hivyo ndivyo vifuniko vya macho. Gamba huwa refu kuliko nyoka aliyeliacha, kwa sababu ngozi laini iliyojikunja kati ya kigamba na kigamba imenyooka. Usipime urefu wa nyoka kwa gamba lake, utajidanganya.

Lililotoka vibaya huwa vipande vipande, makavu kama maganda ya kitunguu, na sehemu nyingine bado zimemng'ang'ania mwenyewe. Mara nyingi kosa halikutokea siku hiyo. Lilitokea wiki moja au mbili nyuma, hewa ya kizimba ilipokuwa kavu au nyoka alipokuwa na upungufu wa maji mwilini. Kwa hiyo maelezo haya yanakaa zaidi kwenye kizimba. Mikono inaingia mwishoni, na kwa shida maalumu tu.

Dalili zinavyofuatana

Tabaka la nje la ngozi ya nyoka limekufa na halitanuki kadiri mwili unavyokua. Chini yake hujengwa tabaka jipya, na likishakamilika majimaji huingia katikati ili kuyatenganisha mawili hayo. Mambo yote utakayoyaona kwa nje yanatokana na kazi hiyo.

Kwanza rangi hufifia. Nyoka mweusi huonekana kama aliyepakwa vumbi, na mwenye tumbo jeupe tumbo lake huwa la waridi. Baada ya siku chache macho huwa na ukungu wa bluu au rangi ya maziwa, kwa kuwa nyoka hana kope: jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja angavu kinachobambuka pamoja na ngozi nyingine. Ukungu huo hukaa siku tatu hadi saba hivi. Kisha macho hung'aa tena, rangi hurudi kidogo, na siku mbili hadi tano baadaye nyoka huanza kusugua mdomo kwenye kitu kigumu ili apasue ngozi midomoni.

Hapo kwenye macho kung'aa ndipo wafugaji wengi wanapokosea. Wanadhani mambo yamekwisha, wanamtoa nyoka, wanampa panya, wanaacha kizimba kikauke. Kumbe majimaji yamefyonzwa tu na gamba bado liko mwilini. Siku hizo za mwisho ndizo zinazohitaji unyevu kuliko zote.

Kuanzia dalili ya kwanza hadi gamba kutoka, hesabu siku saba hadi kumi na nne. Nyoka wachanga wanaokua haraka hujivua kila baada ya wiki tatu hadi sita. Mkubwa anaweza kujivua mara nne tu kwa mwaka na asiwe na tatizo lolote. Vifaranga waliotoka yaini hujivua mara ya kwanza ndani ya wiki moja au mbili hivi, na wengi hawali chochote kabla ya hapo. Usihangaike kuwalisha.

Unyevu: pima, usikisie

Kila aina ina kiwango chake. Hivi ni vya siku za kawaida:

- chatu mdogo (Python regius), yule anayejikunja kama mpira akiogopa: asilimia 60 hadi 70
- nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus): 40 hadi 60
- boa mkubwa (Boa constrictor): 60 hadi 70
- boa wa upinde wa mvua (Epicrates cenchria): 75 hadi 90
- boa wa mchangani (Eryx colubrinus): 30 hadi 40, lakini awe na kona moja yenye unyevu

Mara uonapo rangi imefifia, ongeza asilimia 10 juu ya hapo. Isipokuwa boa wa mchangani: yeye achiwe kizimba kikavu na aongezewe unyevu ndani ya maficho yake peke yake.

Namba hizi hazina maana kama kipimo chako kinadanganya, na vile vya mshale vya kubandika ukutani vinadanganya sana. Tumia cha dijitali chenye kihisio cha waya, kihisio kikae sentimita chache juu ya sakafu, anapoishi nyoka, wala si juu karibu na mfuniko. Kabla ya kukiamini, kijaribu kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa, ujaze chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito. Isiyeyuke yote; punje zionekane. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika kabisa, bila kugusana, na uviache saa 8 hadi 12 kwenye chumba chenye joto la kawaida. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, basi kila ukikisoma ongeza 7. Kikisoma 50, kitupe.

Kinachokausha kizimba kwa kawaida ni taa ya joto iliyowekwa juu ya mfuniko wa wavu. Hewa ya moto hupanda na kutoka, na unyevu wote hutoka nayo. Funika theluthi mbili za wavu kwa karatasi ya aluminiamu au kipande cha plastiki ngumu, ukiacha wazi eneo lote la taa na ukanda mwembamba upande wa pili ili hewa izunguke. Usizibe pote. Hewa iliyotuama huleta ukungu na maradhi ya mapafu.

Halafu angalia unachomtandikia. Gazeti na karatasi za jikoni hazishiki maji. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, yakiwa na kina cha sentimita 7 hadi 10, yanashika vizuri. Badala ya kunyunyiza juu, mwaga maji ya uvuguvugu kwenye kona nne, nusu lita hadi lita moja kwa kizimba cha sentimita 120 kwa 60, kisha acha yajipenyeze hadi chini. Tabaka la chini likilowa na la juu likabaki kavu, maji hupanda kidogo kidogo kama mvuke kwa siku kadhaa na tumbo la nyoka halilali kwenye maji. Chupa ya kupulizia hupandisha namba kwa saa moja au mbili, kisha inashuka tena, nawe umeshalowesha kila kitu. Nyoka anayelala kwenye tandiko bichi mfululizo hupata malengelenge na madoa mekundu au ya kahawia tumboni, na hapo umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Mabaki ya mbao za mierezi yasiwemo kabisa, mafuta yake ni sumu kwa nyoka.

Joto nalo lisisahaulike, kwa kuwa mwili uliopoa haujengi ngozi sawasawa. Chatu mdogo anataka nyuzi 31 hadi 33 upande wa moto na 25 hadi 27 upande wa baridi. Nyoka wa mahindi anatosheka na 28 hadi 31 na 22 hadi 25. Kila chombo cha joto kiwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto lisizidi.

Kasha la unyevu

Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma haya, fanya hili. Nyoka akiwa na mahali pamoja penye unyevu mwingi, atajiamulia mwenyewe aingie lini na akae muda gani, na hakuna mtu aliyemgusa.

1. Tafuta kasha la plastiki lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga kama inawezekana. Ukubwa wake uwe wa kumtosha nyoka akijikunja na ubavu wake ukigusa ukuta. Akiwa na nafasi kubwa mno hajisikii amejificha.
2. Toboa tundu moja ubavuni au juu, upana wake mara moja na nusu hadi mara mbili ya sehemu nene ya mwili wake. Piga makali yote msasa hadi kidole kikipita kisikwaruzwe. Tundu lenye ncha litachana ngozi mpya iliyo laini kama ya mtoto.
3. Chukua kuvumwani mkavu wa sfagnamu (mmea mdogo laini unaoshika maji mengi), uloweke maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha ukamue kwa mikono miwili kwa nguvu. Ukiukamua tena na tone moja au mawili yakatoka, umefika. Ukichuruzika, bado.
4. Tandaza sentimita 5 hivi, bila kushindilia, na ufunike.
5. Liweke katikati ya kizimba, au upande wa moto lakini mbali kidogo na chanzo chenyewe. Upande wa baridi kabisa hautoi mvuke wa kutosha, na juu kabisa ya mkeka wa joto ndani hugeuka jiko.

Kagua kila siku mbili, uongeze maji kidogo ukikauka, na ubadilishe kuvumwani wote kila wiki mbili, au mara moja ukinusa harufu ya uozo au nyoka akinyea ndani. Kwa chatu na boa wengi tunashauri kasha hili liwepo mwaka mzima. Nyoka anayelitumia kila siku bila kujivua anakuambia kwamba sehemu nyingine ya kizimba ni kavu mno.

Bakuli la maji liwe pana, aweze kuingia mwili mzima. Ukiona amekaa majini kutwa, usifurahi upesi: ama hewa ni kavu, ama joto limezidi, ama ana utitiri na anajaribu kuuzamisha. Angalia maji. Vidoto vyeusi vilivyozama chini, vya ukubwa wa punje ya pilipili iliyosagwa, ni utitiri. Tafuta pia kuzunguka macho na kwenye mfereji ulio chini ya kidevu. Utitiri ni sababu mojawapo ya nyoka mkubwa kujivua mara kwa mara kupita kawaida, na gamba halitatoka vizuri hadi uondolewe.

Mwisho, awe na kitu cha kusugulia: gome la mti, tawi lenye mikwaruzo, jiwe lisilo na ncha. Kiwe kimesimama imara. Jiwe lililoegeshwa juu ya tandiko laini linaweza kumwangukia anaposukuma.

Siku za macho ya bluu

Hapa kazi yako ni kutofanya kazi. Nyoka haoni vizuri, ngozi yake ni nyeti, na kila kivuli kinachopita ni adui. Hata mpole kuliko wote anaweza kugonga. Usimshike kuanzia macho yanapofifia hadi gamba litoke. Choo kiokote kwa haraka, maji yabadilishe, funga. Usafi mkubwa wa kizimba usubiri.

Chakula pia. Wengi hukataa wenyewe, na kumpa panya anayekataa kila siku ni kumsumbua bure. Wachache hula kama kawaida; hao wape windo dogo kuliko la siku zote. Panya hai asiachwe ndani hata kidogo. Nyoka asiyeona anaweza kung'atwa, na kovu la meno ya panya litakuwa mahali pa kung'ang'ania gamba kwa miaka.

Akianza kupasua ngozi mdomoni, mwache. Shughuli nzima huweza kumalizika kwa nusu saa au ikachukua saa kadhaa, naye hupumzika katikati. Kuvuta ncha iliyokwisha kuachana ili kumrahisishia ndiyo njia ya hakika ya kulikata gamba vipande viwili.

Gamba likishatoka

Lichukue, ulitumbukize kwenye beseni la maji na ulinyooshe taratibu. Likiwa kavu hupasuka, likiwa bichi huteleza na kufunguka kama utepe. Tafuta vifuniko viwili vya macho na ncha ya mkia iliyochongoka. Vyote vipo? Andika tarehe, na kazi imekwisha. Baada ya siku moja au mbili unaweza kumlisha. Mara nyingi atakunya kwanza.

Vikikosekana, mwangalie nyoka chini ya mwanga mzuri. Na kama ana sumu, ishia kwenye kuangalia. Kinachofuata ni kazi ya daktari wa wanyama mwenye vifaa.

Kwa vipande vilivyobaki mwilini, subiri saa 24 kwanza huku unyevu ukiwa juu. Vingi huanguka vyenyewe. Visipoanguka, tunapendelea kasha la taulo kuliko kumlowesha kwenye beseni, kwa kuwa nyoka wengi huona kulazimishwa majini ni kuzamishwa. Loweka taulo mbili kwenye maji ya nyuzi 28 hadi 30 (pima kwa kipimajoto, mkono wako una joto kuliko nyoka na utakudanganya), zikamue, uziweke zikiwa zimekunjamana ndani ya kasha lenye matundu ya hewa, kisha umwingize nyoka. Dakika 30 hadi 45. Kasha liwe kwenye chumba chenye joto, lisiwe juu ya mkeka wa joto wala juani. Atajipenyeza kwenye mikunjo na kujisugua mwenyewe.

Baadaye shika taulo bichi kwa kiganja kilicholegea na umwache apite katikati yake, kichwa kikitangulia, wewe ukiwa umetulia. Msuguano unaenda kutoka kichwani kuelekea mkiani, ndivyo gamba linavyotoka. Ukienda kinyume unainua vigamba vipya. Kipande kinachoteleza, kiache kiteleze. Kisichosogea, kiache, rudia kesho, mara moja tu kwa siku. Ukilazimika kutumia beseni, maji yawe ya joto hilohilo, kina chake kisizidi nusu ya unene wa mwili, dakika 15 hadi 20, na usibanduke hapo hata kwa kuitika simu. Hivi visiwe vyombo vya jikoni, na unawe mikono kwa sabuni baadaye, kwani nyoka mwenye afya kamili anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Mafuta ya kupikia, losheni, mafuta ya mgando na utepe wa gundi vyote vimewahi kupendekezwa na watu. Mafuta huziba na kunasa uchafu bila kulainisha chochote. Gundi hubeba gamba la zamani pamoja na la sasa.

Mkia na macho

Sehemu hizi mbili haziruhusu uzembe. Pete ya gamba iliyobaki kwenye ncha ya mkia hukauka na kubana, gamba la mara ijayo likabaki juu yake, damu ikaacha kufika, na ncha ikafa. Ikague kila mara. Ukiona pete, fungia ncha hiyo pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu dakika 15, kisha iviringishe kwa upole kati ya kidole gumba na cha shahada hadi pete izunguke. Ikizunguka, itatoka. Ncha iliyogeuka nyeusi, ngumu au iliyosinyaa ni ya daktari.

Jicho ni tofauti: hapo usiguse. Kifuniko kilichobaki hulifanya jicho liwe na ukungu baada ya kujivua, na mara nyingine utaona ukingo uliochanika pembeni. Jicho lililobonyea kidogo au kukunjamana, huku kifuniko chake kikiwepo kwenye gamba, ni dalili ya upungufu wa maji tu. Hunyooka ukirekebisha unyevu. Watu huchanganya haya mawili, wakachukua kibano, wakabambua kifuniko ambacho ndicho kipya. Chini yake hakuna kingine, ni jicho lenyewe, na nyoka huweza kulipoteza.

Kwa hiyo pandisha unyevu, kasha la kuvumwani libaki ndani, na usubiri gamba lijalo. Mara nyingi hutoka vyote viwili pamoja. Kama mara ya pili hakikutoka, au jicho limevimba, lina usaha, au linaonekana la maziwa wakati si msimu wa kujivua, mpeleke kwa daktari anayejua watambaazi.

Mpeleke pia ikiwa gamba limeshindikana mara mbili mfululizo ilhali kipimo chako cha unyevu kimepita mtihani wa chumvi, au akiwa amekonda, anapumua mdomo wazi, ana mapovu puani au vidonda chini ya vipande vilivyobaki. Chukua gamba lenyewe ndani ya mfuko, pamoja na daftari lako la tarehe, joto na unyevu. Daktari atasoma mengi humo kabla hajamgusa nyoka.